Nilikwenda Gikomba Kumtafuta Muuguzi

Basi la kutoka Kampala lilitushusha Nairobi alfajiri, giza halijatoka, kwenye kiofisi kimoja karibu na River Road. Utingo akatushauri tusubiri kupambazuke kwanza ndipo tushike njia. Tukakaa kwenye mabenchi, kila mtu na mzigo wake katikati ya miguu, muuza chai akipitapita na birika lake. Nilikuwa nimetoka Bukoba, nikavuka Mutukula, nikabadili gari Kampala, na Busia nilipita usiku, macho mazito, nikigongewa muhuri na afisa ambaye naye alikuwa anasinzia. Kenya nilikuwa naikanyaga kwa mara ya kwanza.

Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kufunga mzigo Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, na haikuwa uongo. Wifi yangu anauza nguo za watoto sokoni Bukoba. Alinipa fedha za beli moja na namba ya simu ya dalali, akanionya nisikubali kuuziwa beli ambalo mikanda yake imeshakatwa na kufungwa upya. Haja yangu ya pili nilimwambia matroni wetu peke yake.

Mimi ni muuguzi. Nilipokuwa chuoni, mkufunzi wa afya ya jamii alitugawia nakala ya makala fupi iliyotoka katika jarida la The Lancet la Uingereza, Oktoba 1988. Ilieleza namna wanawake wanaouza miili yao jijini Nairobi walivyofundishwa kujikinga na ukimwi. Chini ya kichwa cha makala kulikuwa na msururu wa majina: Frank Plummer, Allan Ronald, Ndinya-Achola na wengineo, watu ambao dunia ya tiba iliwajua au ilikuja kuwajua. Mbele yao wote limeandikwa Ngugi E.N. Mkufunzi akagonga jina hilo kwa chaki, akasema: huyu ni muuguzi.

Anayejua ngazi za hospitali zetu ataelewa kwa nini darasa lilinyamaza. Kwenye raundi ya asubuhi muuguzi husimama nyuma ya daktari akiwa ameshika mafaili. Katika makala za kisayansi jina la kwanza hupewa aliyeubeba mzigo wa kazi, na hapo madaktari na maprofesa walikuwa wamejipanga nyuma ya muuguzi. Tangu siku hiyo nilitaka kupaona mahali kazi hiyo ilipofanyika, Majengo ya Pumwani, ambako ukitoka Gikomba unaingia bila kujua umevuka mpaka gani.

Kulipopambazuka dalali akaja kunichukua, kijana mwenye haraka, mguu wake ukitangulia maneno yake. Tulikata kupitia Kamukunji, penye uwanja wa mkutano wa Saba Saba wa 1990, ule wa kudai vyama vingi. Siku hizi kelele zinazosikika huko ni za mafundi wa jua kali, wanaogonga mabati kuwa masanduku ya wanafunzi, karai, majiko na vikaango vya chapati. Tukavuka mto Nairobi, maji meusi yakipita chini kwa uvivu, na harufu yake sitaisimulia. Ng'ambo ya pili dalali akageuka: "Mathe, shika pochi yako mbele." Nilikuwa nimeshaishika tangu River Road.

Soko lile linaamka kabla ya watu wengine kunywa chai. Tulilikuta beli limelazwa juu ya turubai, limebanwa likawa gumu, akina mama na vijana wamelizunguka wakikanyagana. Mwenye mali akapitisha kisu kwenye mikanda, moja, mbili, tatu, na nguo zikatutumka zenyewe kama unga uliotiwa hamira. Mikono ikaingia. Waliolipa zaidi ndio wanaochagua kwanza. Vile vipande safi, vyenye lebo na visivyo na doa, huitwa kamera, na bei yake huwezi kuishusha hata ukilia. Wakimaliza hao wanafuata wa pili, kisha wa tatu, na jioni kinachobaki ni fagia, inayouzwa kwa kurushwa rushwa huku mtu akiimba bei. Shati la asubuhi na shati la jioni yametoka beli moja, lakini watakaoyavaa hawatakutana.

Katikati ya hayo mikokoteni inapita. Hakuna njia, lakini inapita. "Songa! Mzigo! Mzigo huo!" na ukichelewa ukingo wa mbao unakukumbusha kwenye paja. Upande mmoja ni mbao na vitanda, upande mwingine samaki, sangara wa Ziwa Victoria na samaki wakavu wa Turkana, na omena kwa magunia. Harufu ya omena ilinirudisha nyumbani ghafla, maana kwetu tunawaita dagaa lakini pua haijali jina. Soko hili limeungua mara nyingi kuliko wanavyopenda kukumbuka. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na kila baada ya moto mabanda yanasimama tena, mbao mpya juu ya majivu. Dalali aliyasema hayo akitembea, bila kugeuka.

Beli la wifi nililipata kabla jua halijawa kali. Nililikagua mikanda, nikabishana bei, nikashindwa kiasi, nikaliweka stoo kwa ada ndogo. Kisha nikamuuliza dalali njia ya Majengo. Akanitazama mara mbili, mara ya pili kwa heshima pungufu kidogo kuliko ile ya kwanza. "Wewe unatafuta nani Majengo?"

Huo mtazamo naujua. Kwetu Kagera jina la Majengo lilikuwa likisemwa mlango umefungwa. Tangu miaka ya 1930 wanawake wa Kihaya, wengi wao walioachika au waliokimbia ndoa, walivuka kwenda Nairobi. Wakapanga vyumba Pumwani, wakakaa mlangoni, wakauza walichokuwa nacho. Fedha walizotuma ziliezeka nyumba, zilikomboa mashamba ya baba zao na kulipa karo za wadogo zao. Kijiji kilizipokea fedha na kuwakataa wenyewe. Pumwani nayo, iliyopangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika, sehemu kubwa ya nyumba zake ilimilikiwa na wanawake. Mji uliojengwa kwa ajili ya vibarua wa kiume ulipata wenye nyumba wa kike. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, aliandika kitabu kizima juu yao, na ukikisoma utaona walikuwa watu wa hesabu kali kuliko karani yeyote.

Niliingia Majengo kwa barabara ya Digo. Mara moja soko likawa nyuma yangu. Nyumba za udongo na bati, chini chini, milango imefunguka juu ya njia, kanzu zimeanikwa, msikiti wa Riyadha, na mama wa mahamri ameketi kwenye kigoda akigeuza mafuta, sufuria ya mbaazi za nazi pembeni. Pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza Kiswahili kikizungumzwa kwa utulivu tangu nishuke basi. Nikamwamkia, nikaagiza mahamri mawili na chai ya rangi.

Sasa niseme yaliyotokea hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wa Manitoba, Kanada, walikuwa wakichunguza magonjwa ya zinaa, vidonda na kisonono. Wakafungua kliniki Majengo kwa ajili ya wanawake hawa. Ilipofika 1985 wakapima damu kwa kipimo kipya cha virusi vya ukimwi. Matokeo yalitoka mwaka uliofuata katika jarida la New England Journal of Medicine: miongoni mwa wanawake wa tabaka la chini, 66 katika kila 100 walikuwa wameshaambukizwa. Dawa haikuwepo. Hata ya kudanganyia haikuwepo.

Jiweke mahali pa mhudumu wa afya siku hiyo. Una orodha ya majina, una namba zinazotisha, na mkononi huna kidonge. Njia rahisi zilikuwa mbili: kunyamaza, au kuwageuza wanawake wale kuwa chanzo cha balaa ili jamii ipate wa kumlaumu. Magazeti mengi ya dunia wakati ule yaliichagua hii ya pili.

Elizabeth Ngugi, muuguzi wa afya ya jamii, akaitisha baraza.

Kitu hicho kinaonekana kidogo mpaka ukifikirie. Baraza ni la chifu. Watu huitwa kusikia amri. Yeye aliwaita wanawake ambao hakuna chifu aliyewahi kuwaita ila kuwafukuza, akawaeleza ugonjwa ulivyo, unavyoingia na unavyozuiwa, kisha wao kwa wao wakachagua wawakilishi wao. Elimu ikapita kwa wale waliochaguliwa, mlango kwa mlango, na kondomu pia. Mteja anayekataa mpira mlango huu akajikuta anakataliwa na mlango unaofuata, maana majirani walikuwa wamekubaliana. Peke yake mwanamke hawezi kushindana na mwenye shilingi mkononi. Wote kwa pamoja wanaweza kumtajia masharti. Na wanawake hao walichagua wawakilishi wao, kumbuka, karibu na wakati ambao nchi nzima ilikuwa inapiga kura kwa mlolongo, watu wakipangwa foleni nyuma ya wagombea na wengine wakishinda wakiwa na foleni fupi.

Makala ya 1988 inaeleza kilichotokea. Kabla ya kazi hiyo ni kama mwanamke mmoja katika kila kumi aliyewahi kutumia kondomu hata mara mojamoja. Baada yake, katika kundi lililopata mabaraza na ushauri wa mtu mmoja mmoja, wanane katika kila kumi walikuwa wakizitumia angalau mara kadhaa, na waliozitumia walipunguza hatari ya kuambukizwa kwa kiasi cha theluthi mbili. Mwaka 1991 kundi hilohilo la watafiti, Ngugi akiwemo, lilipiga hesabu kwamba kuwahudumia wanawake kama 500 wa aina hii kulizuia maambukizi mapya kati ya 6,000 na 10,000 kwa mwaka, kwa gharama isiyozidi dola 12 kwa kila ambukizo lililozuiwa. Dola 12! Mimi nimeona semina za hoteli zilizokula zaidi ya hapo kwa maji ya chupa ya mshiriki mmoja.

Dunia iliipenda zaidi hadithi nyingine ya Majengo. Baadhi ya wanawake wale, miaka nenda rudi, hawakuambukizwa, na wanasayansi wakaja kutafuta siri katika damu yao. Plummer alijulikana kwa kazi hiyo, na mauti yakamkuta Nairobi Februari 2020, alikokuja kuadhimisha miaka 40 ya ushirikiano ule. Ni sayansi nzuri, siibezi. Lakini damu zile zote zilipatikana kwa sababu wanawake walirudi kliniki mwaka baada ya mwaka, na mtu harudi mahali anapodharauliwa. Ngugi mwenyewe alifika kuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuongoza kituo chake cha kuzuia ukimwi. Aliendelea na wanawake hawa, akawasaidia na wale waliotaka kuacha biashara ile kuanza nyingine. Sasa ni marehemu.

Mahospitalini tunapomsifu muuguzi tunasema ana huruma, tukimaanisha ana sauti laini na hakasiriki. Kwangu mimi huruma ya Ngugi ilikuwa kazi yenye mpangilio: nani aketi wapi, nani aongee kwanza, nani ashike boksi la kondomu, nani achaguliwe na nani. Sauti laini unaweza kuzaliwa nayo. Hii inabidi uifanye kila siku, pamoja na daftari la mahudhurio.

Kutoka Majengo nikapanda hadi barabara ya General Waruinge, kwenye hospitali ya uzazi ya Pumwani. Mkunga hawezi kufika mtaa huu asipite mlangoni pake. Ilianzishwa 1926 na kuitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana. Leo ni ya kaunti, na inatajwa miongoni mwa hospitali kubwa kabisa za uzazi Afrika kusini mwa Sahara. Nusu ya Nairobi, nilivyoambiwa kwa utani, ilitolea sauti yake ya kwanza humo. Nje ya geti palikuwa na akina baba wenye vikapu na chupa za chai, nyuso za kusubiri, na kibanda cha chapati.

Kibandani nikamkuta muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, soksi zimemwachia alama miguuni. Tukatambuana kwa saa za kubana kifuani. Nikamwambia kilichonileta. Alicheka kidogo, akasema, "Mgonjwa anakuita daktari usiku kucha. Asubuhi daktari akifika, unarudi kuwa sista."

Nikamsimulia kwamba kwetu Tanzania kila Mei Mosi watumishi humchagua mfanyakazi bora wa kituo, akapewa cheti na pesa kidogo, zamani hata redio au baiskeli. Yeye akamtaja Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, aliyepewa tuzo ya Aster Guardians huko Dubai tarehe 12 Mei 2022, Siku ya Wauguzi Duniani, na dola 250,000 juu yake, kwa kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni na kujenga shule kijijini kwao ambako hata akina mama wanasoma. "Hiyo tulifurahi sote," akasema. "Ilikuwa kama tumepewa."

Sina ugomvi na tuzo. Fedha zile zingejenga wodi. Ila nikamuuliza, humu ndani, bila Dubai, mnamjuaje aliye mzuri?

Hakufikiri. "Angalia ma-nesi wenyewe wakishika mimba, wanaomba nani awazalishe."

Nililiandika hilo nyuma ya risiti ya beli. Kamati zetu za Mei Mosi zina fomu yenye vipengele: uwajibikaji, nidhamu, ubunifu, kuwahi kazini. Hakuna kinachouliza ni nani tungependa atukute sisi wenyewe tukiwa uchi, tunalia, tunatukana. Jibu kila wodi inalo. Katika hospitali yetu ni mama mmoja wa wodi ya watoto ambaye hajawahi kushinda, kwa sababu huchelewa kujaza ripoti. Huchelewa kwa kuwa hamchomi mtoto sindano kabla hajampa bomba tupu achezee kwanza. Wauguzi wote wenye watoto wanaijua zamu yake kwa kichwa.

Niliporudi Majengo kuaga, mama wa mahamri alikuwa ameshapeleka habari za mgeni wa Bukoba. Pembeni yake ameketi bibi mkongwe, mtandio wa zambarau, fimbo mapajani. Nikatoa mfukoni kahawa ya kutafuna niliyoibeba kwa ajili ya safari, imefungwa kwa jani la mgomba. Akaipokea kwa mikono miwili, akainusa kabla ya kuifungua, akaniambia kwa Kihaya, "Waitu," na macho yake yakawa mengine. Alitoka Kamachumu, akiwa msichana, alisema, kabla ya uhuru wenu na wetu.

Tukatafuna. Punje chungu kidogo, zenye majani yake. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza, akaniuliza yeye: "Wewe ni sista?" Nikasema ndiyo, bibi. Akaanza kunitajia wenzake kwa vijiji, si kwa majina. Wa Muleba, wawili. Wa Kanyigo. Wa Ndolage, aliyekuwa mrefu. Wote walizikwa miaka ile ya dawa kutokuwepo, wengine hapa Nairobi, wengine walirudishwa usiku. Yeye alichaguliwa na wanawake wa upande wake, akagawa mipira mpaka magoti yakamkatalia. Nikamuuliza walichaguaje.

"Tulimtaka asiyesengenya," akasema. "Basi."

Kisha akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nyingi, namba ya simu ya mpwa wake wa kiume, fundi pikipiki Kamachumu. Alinitaka nikifika nimpigie, nimpe salamu na elfu mbili za Kenya alizokuwa amezihifadhi kwenye pindo la kanga kwa ajili ya karo ya mwanawe. Nikazihesabu mbele yake, nikaziandika. Nikamuuliza nimwambie nimekutana naye wapi.

Akatafuna kidogo. "Mwambie Nairobi."

"Sehemu gani ya Nairobi, bibi?"

"Nairobi ni kubwa. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia sawa, nikamshika mikono yote miwili, nikashuka barabara ya Digo mbio mbio, maana mwenye stoo alisema anafunga saa kumi na moja na basi la Kampala halimngoji mtu.